Bunduki ya Upepo ya Bei Nafuu: Kazi Ambayo Kiwanda Hakikuimaliza

Mtu akinunua bunduki ya upepo ya springi, ile ya bei nafuu, swali lake la kwanza huwa ni namna ya kuiongezea nguvu. Anatafuta springi ndefu zaidi, anaishindilia ndani, na baada ya muda mfupi ana bunduki inayopiga kelele, inayotikisa meno na isiyogonga shabaha ileile mara mbili. Swali lilikuwa baya tangu mwanzo. Bunduki hizi zina nguvu ya kutosha kwa kazi yake. Kinachokosekana ni umaliziaji: kingo hazikulainishwa, vipande vinachezacheza ndani ya nafasi zake, na mafuta yamepakwa mengi mahali pasipohitaji na hayapo kabisa mahali panapohitaji.

Mfano mzuri ni BAM B26, bunduki iliyotengenezwa China kwa kuiga Weihrauch HW95 ya Ujerumani, ambayo Wamarekani wanaifahamu kwa jina la Beeman R9. Ukiziweka mbili hizo mezani zikiwa zimefunguliwa, mpangilio ni uleule: mtutu unaovunjwa kwenye bawaba ili kukoki, silinda, pistoni, springi nene ya kusukuma, na kitundu chembamba kinachopitisha hewa kwenda nyuma ya peleti. Bei inatofautiana sana. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni saa za fundi, na hapo ndipo mwenye bunduki ya bei nafuu ana nafasi yake, kwa sababu saa zake mwenyewe hamlipi mtu. Wapenzi wa mchezo huu Uingereza na Marekani wameijua siri hiyo miongo mingi, na wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba, wakiwa na jiliwa, tupa, msasa na subira.

Ili kujua ni wapi pa kugusa, lazima kwanza kuelewa kinachotokea ndani baada ya kifyatulio kuvutwa. Watu wengi hudhani springi inasukuma peleti. Springi inasukuma pistoni. Pistoni inabana hewa. Hewa iliyobanwa ndiyo inayosukuma peleti. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 25 ambayo pistoni yake inasafiri milimita 80. Ndani yake mna hewa ya sentimita za ujazo 39 hivi, basi. Hewa hiyo inabanwa ghafla mpaka ikae katika nafasi ndogo sana mbele ya pistoni, na kwa kubanwa kwa haraka hivyo inapanda joto hadi mamia ya nyuzi. Pistoni inapokaribia mwisho wa safari yake ndipo peleti inapoachia na kuanza kukimbia kwenye mtutu. Pistoni yenyewe, ikikutana na mto huo wa hewa, hurudishwa nyuma kidogo kabla ya kutulia.

Sasa tazama upande wa mpigaji. Pistoni inaporuka mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni inapokwama kwenye hewa, bunduki inasukumwa mbele. Misukosuko yote miwili hutokea wakati peleti bado imo ndani ya mtutu. Bunduki ya baruti ina teke moja. Hii ina mateke mawili yanayopingana, na ndiyo maana darubini iliyotengenezwa kwa bunduki kubwa za kuwindia huweza kuvunjika ikifungwa kwenye bunduki ndogo ya springi. Kwa hiyo kila mtikisiko unaouongeza ndani ya silinda unaufikisha kwenye shabaha. Na kila mtikisiko unaoupunguza, ni usahihi umeupata bila kununua kitu.

Hapa kuna jambo ambalo lingefaa kujulikana na kila anayeshika kopo la mafuta. Gerald Cardew na mwanawe, Waingereza wawili waliochunguza bunduki za upepo kwa uangalifu wa kimaabara na kuyaandika matokeo yao kitabuni, walitaka kujua kama hewa peke yake ndiyo inayofanya kazi yote. Wakaifyatua bunduki ya Weihrauch HW35 ndani ya gesi ya nitrojeni, ambamo hakuna kitu kinachoweza kuwaka. Kasi ya peleti ikaporomoka kwa takriban theluthi moja. Maana yake ni kwamba katika hali ya kawaida, kiasi kidogo cha mafuta kilichomo ndani ya silinda huungua kwenye hewa ile ya moto na kuchangia msukumo. Kuungua huko kwa kiasi ni sehemu ya utendaji wa kawaida wa bunduki yenye nguvu. Mafuta yakizidi, hayaungui tena taratibu bali hulipuka kwa kishindo. Mlipuko huo huirudisha pistoni nyuma kwa ukali, hukata springi, na hupasua sili iliyo kwenye uso wa pistoni. Bunduki mpya inayotoa moshi na mlio mkali kama wa bastola inamfurahisha mwenye nayo siku ya kwanza. Inajiua.

Ndiyo sababu kazi yoyote ya maana inaanza kwa kufungua na kusafisha. Na hapa naomba msomaji asiruke aya hii. Springi ndani ya bunduki iliyofungwa, hata isiyokokiwa, imebanwa tayari. Katika bunduki nyingi za bei nafuu, kinachoizuia isitoke ni pini moja au mbili zinazoshika boksi la kifyatulio nyuma ya silinda. Anayezitoa pini hizo akiwa ameishika bunduki mkononi atapigwa usoni au kifuani na chuma kinachoruka. Lazima kuwe na kibano cha urefu wa bunduki nzima. Waingereza wengi hutumia vibano virefu vya maseremala, vile vya kubania milango inapogundishwa. Silinda inalazwa, kibano kinakazwa mpaka boksi la kifyatulio liache kuegemea pini, pini zinasukumwa nje kwa urahisi, kisha kibano kinalegezwa polepole mpaka springi iishiwe nguvu. Miwani ya kukinga macho ivaliwe. Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba bunduki haikukokiwa na mtutu hauna kitu.

Vipande vikiwa mezani, ukweli wa kiwanda unaonekana. Mafuta ya kuzuia kutu yamejaa kila mahali, pengine yamechanganyika na vumbi la chuma lililobaki tangu silinda ilipotobolewa. Vumbi hilo ni msasa unaosaga kila pistoni inapopita. Kila kitu kioshwe kwa kiyeyushi kinachokauka, kipanguswe, kioshwe tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mtutu nao upitishwe vitambaa mpaka uishe weusi.

Kisha zitafutwe kingo kali. Mahali pabaya zaidi ni ule mwanya mrefu chini ya silinda ambamo mkono wa kukokia hupita. Kiwanda kiliukata na kuacha makali ya chuma pembeni mwake, na sili laini ya pistoni inapita juu ya makali hayo siku inapoingizwa. Bunduki ngapi zimetoka kiwandani sili yake ikiwa tayari imechanwa kabla ya kupiga peleti ya kwanza! Tupa ndogo ya duara, kisha msasa laini, na ukipitisha kidole usihisi kitu. Fanya hivyohivyo kwenye matundu ya pini na kwenye kingo za mkono wa kukokia unaposugua silinda. Kazi hii haina ufundi wa ajabu na haiongezi kasi hata mita moja, lakini ndiyo inayobadilisha kukoki kuwa kitendo laini badala ya kuvuta chuma juu ya chuma.

Tukifika kwenye springi yenyewe ndipo tunapofika kwenye kiini. Mlio ule wa kuvuma ambao bunduki ya bei nafuu huutoa baada ya kufyatuliwa, kama waya wa uzio uliopigwa kwa jiwe, unatoka kwa springi inayotikisika kwa sababu haikushikwa. Ndani ya springi kuna kiongozi, bomba linaloizuia isipinde. Kwenye bunduki nyingi za bei nafuu kiongozi huyo ni bati lililokunjwa, jembamba kuliko nafasi iliyomo, na springi inamchezea pande zote. Nje yake nako kuna nafasi kati ya springi na ukuta wa ndani wa pistoni. Springi inapofunguka kwa nguvu zote ikiwa huru hivyo, inajipinda, inagonga huku na huku, na inaendelea kutetemeka baada ya pistoni kusimama.

Mafundi waliokomaa hukereza kiongozi mpya kwa nailoni ngumu, akaingia ndani ya springi kwa kubana kidogo, kiasi kwamba springi inamshika ukimwinua. Springi inapobanwa wakati wa kukoki hupanuka kipenyo kidogo, hivyo kubana huko hakuzuii kazi. Mwenye mashine ya kukerezea, au mwenye rafiki fundi aliye nayo, anakitoa kipande hicho kwa gharama ndogo sana. Asiye nayo ana njia nyingine inayofanya kazi vizuri: plastiki ya chupa ya soda, ikakatwa mstatili, ikakunjwa na kuingizwa ndani ya pistoni kama bitana, ili kuziba nafasi kati ya pistoni na springi. Plastiki hiyo ni nyembamba, inateleza, na haishiki moto kwa sababu iko nyuma ya sili, mbali na hewa ya moto. Wengine wataidharau kwa kuwa ni takataka. Mimi naiheshimu, kwa sababu inatibu ugonjwa mahali ulipo.

Springi ikaguliwe pia. Ivingirishe juu ya kioo cha dirisha. Ikirukaruka, imepinda, na hiyo ndiyo hali pekee, pamoja na kuvunjika, inayohalalisha kununua nyingine. Ncha zake zilainishwe kwenye msasa mpaka zing'ae, maana springi inapobanwa ncha zake huzunguka, na ncha yenye kwaruzo hung'ang'ania chuma inachokalia. Washa ya chuma iliyosuguliwa kila upande huipa uso wa kuzungukia. Kuna mafundi wanaoongeza washa nyingi ili kuibana springi zaidi na kupata nguvu, na hao wamerudi kwenye swali lile baya tulilolianza.

Sili ya pistoni yahitaji jicho na mkono mwepesi. Ikiwa imelegea, hewa inapita pembeni. Ikiwa imebana mno, nguvu ya springi inaliwa na msuguano. Sili nzuri inasukumwa ndani ya silinda kavu kwa kidole gumba, inakataa kidogo, kisha inakwenda. Bunduki za zamani zilitumia ngozi, ambayo inataka kulowekwa mafuta kila mara. Za sasa nyingi zina plastiki ngumu yenye mdomo unaofunguka kwa shinikizo la hewa. Ya kiwandani ikiwa nzima, iache.

Halafu ulainishaji, ambao unaharibiwa na ukarimu. Pembeni mwa pistoni, pale inapogusa silinda mbele na nyuma, hupakwa grisi yenye molibdenamu, nyembamba kama doa la penseli. Uso wa sili usiguswe na chochote. Springi hupakwa grisi nzito inayonata, ile inayovutika kama asali iliyokaa, kwa safu nyembamba. Kazi yake ni kuua mtetemo uliobaki. Ikipakwa nyingi inazuia springi kufunguka na kasi inashuka wazi. Pini, bawaba na mkono wa kukokia vinapata grisi yenye molibdenamu pia. Mafuta mepesi ya cherehani au ya injini yasikaribie silinda kabisa, kwa sababu ile ya Cardew: yatapenya mbele ya sili na kulipuka.

Upande wa mtutu mambo ni mafupi. Pale mtutu unapofunga kwenye silinda kuna pete ya mpira. Weka kipande cha karatasi ya shashi juu ya mwungano na fyatua ukiwa na peleti ndani. Karatasi ikiruka, hewa inavuja na pete ibadilishwe. Bolti ya bawaba ikazwe mpaka mtutu uliovunjwa ubaki pale ulipoachwa bila kuanguka kwa uzito wake, kwani mtutu unaocheza kushoto na kulia unalenga mahali papya kila mara. Skrubu za kitako cha mbao hulegea zenyewe kutokana na mitikisiko. Zitiwe washa zenye meno na zikaguliwe kila baada ya mazoezi. Wapo wanaotupa bunduki wakiamini mtutu ni mbovu, kumbe ni skrubu mbili.

Kifyatulio nakitenga makusudi. Ndani ya boksi lake kuna ndoano inayoishika pistoni yenye nguvu yote ya springi nyuma yake. Fundi wa nyumbani anayesugua uso wa ndoano hiyo kwa jiwe ili uvutaji uwe mwepesi anacheza na kitu kinachoweza kujiachia wakati mtutu umevunjwa na vidole viko kwenye mwungano. Mtutu hujifunga kwa nguvu ya kutosha kuvunja vidole au kujipinda wenyewe. Safisha kifyatulio, tia grisi kidogo kwenye pini zake, rekebisha skrubu iliyowekwa na kiwanda kwa ajili hiyo, na uishie hapo. Na siku zote unapotia peleti, mkono mmoja uendelee kuushika mtutu.

Baada ya kuunganisha, kazi isipopimwa ni imani tu. Kipimakasi, chombo kinachosoma mwendo wa peleti inapopita juu yake, siku hizi kinapatikana kwa bei ambayo kikundi kidogo cha marafiki kinaweza kuchangia. Kinachotazamwa kwanza ni ulinganifu. Kasi ya bunduki iliyotengenezwa vizuri haitofautiani sana kutoka peleti hadi peleti. Mita tatu au nne kwa sekunde ni dalili njema. Ikiwa namba zinarukaruka kwa mita kumi au ishirini, kuna mafuta yanayoungua au sili inayovuja, na hakuna darubini itakayoificha kasoro hiyo.

Kipimo hicho kina maana nyingine ya kisheria, hasa Uingereza, ambako utamaduni huu wa kujitengenezea umestawi sana. Kanuni ya mwaka 1969 iliweka mpaka wa futi-pauni 12, yaani jouli 16.27, kwa bunduki ndefu ya upepo. Ikizidi hapo inahesabiwa kuwa silaha ya moto inayohitaji cheti. Piga hesabu: nusu ya uzito wa peleti kwa kilogramu, zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi. Peleti ya gramu 0.547 ya milimita 4.5 ikienda mita 240 kwa sekunde inabeba jouli 15.75, salama. Ikienda mita 245, inabeba 16.42, na mwenye bunduki amevunja sheria bila kuhisi tofauti yoyote begani. Tena peleti ya uzito mwingine huweza kutoa nishati kubwa zaidi katika bunduki ileile, kwa hiyo mwenye busara huacha nafasi ya kutosha chini ya mpaka. Ujerumani mpaka wa kumiliki bila kibali cha silaha ni jouli 7.5, na bunduki zake zina alama ya herufi F ndani ya pembetano. Scotland ilikwenda mbali zaidi: tangu mwisho wa mwaka 2016, hata bunduki ya upepo iliyo chini ya mpaka inahitaji leseni.

Nadhani mpaka huo umewafaa mafundi wa Uingereza kuliko wanavyokiri. Kwa kuwa njia ya nguvu ilifungwa, akili zote zilielekezwa kwenye ulaini na usahihi. Mwaka 1980 huko Magham Down, kusini mwa nchi hiyo, yalianza mashindano ya kulenga shabaha za chuma zilizotawanywa uwanjani kwa umbali usiotajwa, na mshindani aliyetaka kushinda kwa bunduki ya springi alilazimika kutafuta pistoni isiyotikisa na springi isiyolia. Ufundi wa viongozi wa nailoni na pistoni zilizosuguliwa ulipevuka katika mazingira hayo. Marekani, ambako mpaka huo haukuwepo, matangazo ya viwanda yalishindana kwa namba za kasi, na wanunuzi wengi waliishia na bunduki ngumu kukoki ambazo hawawezi kuzilenga.

Limebaki jambo moja la mkono. Bunduki ya springi haibanwi. Mwandishi wa Marekani Tom Gaylord aliupa umaarufu mtindo anaouita mshiko wa mzinga: bunduki inalala juu ya kiganja kilichofunguliwa, bega linaigusa tu, nayo inaachwa irudi na kwenda itakavyo kama mzinga unavyorudi kwenye magurudumu yake. Kwa kuwa misukosuko haiwezi kuondolewa yote, inafaa angalau ifanane kila mara. Mpigaji anayeikaba bunduki aliyoitengeneza vizuri atasema kazi ilikuwa bure.

Msomaji aliye Tanzania, Kenya au kwingineko katika ukanda wetu asiagize wala kununua bunduki ya namna hii kabla ya kuuliza polisi wa kitengo cha silaha sheria ya nchi yake inasemaje. Na kwa aliyeruhusiwa na anayo tayari: springi ya kiwandani ikiwa imenyooka na nzima, irudishe ndani. Fedha za springi mpya zinunulie peleti za aina nne au tano tofauti, uzijaribu zote kwa umbali mmoja kutoka mkao mmoja, maana kila mtutu una peleti inayoukubali, na kuipata hiyo kutapunguza upana wa matundu kwenye shabaha kuliko springi yoyote inayouzwa.